Kijiji Kilichojifungia Mlango

Miaka ya tisini, nilipokuwa darasa la saba, bibi yangu alikuwa akinikalisha ukumbini kwetu Hail nimtafsirie vitabu vya shule kutoka Kiarabu. Hesabu hakuzitaka. Raha yake historia, maana ndani yake hamkosi watu wa kusengenya.

Siku moja ikawa tauni ya Uingereza. Kijiji kimoja kiliingiwa na ugonjwa, wenyewe wakakubaliana asitoke mtu wala asiingie, wasije wakawaambukiza jirani zao. Chakula waliwekewa juu ya jiwe mpakani.

"Na wagonjwa, nani aliyekwenda kuwajulia hali?" bibi aliuliza.

"Hakuna, bibi."

"Watu gani hawa! Nna hamu niwatie makofi."

Kwetu mtu akiumwa nyumba hujaa. Wageni hukaa mpaka kitandani kwake na kahawa zao, na kila mmoja ana dawa yake.

Wiki iliyofuata nikapata tetekuwanga, na dada yake bibi akawasili kutoka Unguja. Hawakuwa wameonana kwa miaka thelathini. Alikuja kwa wiki mbili tu, akafikia Matrah, mji wa jirani, kwa mjukuu wake mwenye mimba ya kwanza.

Bibi alikuwa ameshanipaka dawa kwa mikono yake. Akapiga simu: "Dada, usiingie kwangu. Tusije tukampa yule mwenye mimba."

Dada yake akaja hivyo hivyo. Kila alasiri aliketi kwenye kiti cha plastiki ng'ambo ya njia, bibi kizingitini, wakawasengenya watu wa Unguja kwa kupiga kelele, wazima na marehemu. Visheti viliachwa juu ya tofali nje ya geti. Mimi dirishani nilijikuna na kuona haya. Nilipokauka vipele, kaka yangu naye akaanza kuumwa.

Siku ya safari dada yake alisogea mpaka kwenye tofali. Hakupiga kelele siku hiyo. Bibi naye hakuvuka kizingiti, hata teksi ilipopiga honi.

Jioni bibi akaniita na kitabu changu.

"Wale Waingereza wako, walipofungua, waliwakuta wenzao?"

Ukurasa nilikuwa nimeusoma. Nyumba nyingine hazikubaki na mtu.

"Wote, bibi."

"Wakakumbatiana?"

"Wakakumbatiana."

Swali lile likaja kwenye mtihani. Niliandika hivyo hivyo, kwamba wote walikutana, nikakosa kwa makusudi, maana nilijua bibi atataka nimtafsirie karatasi.