Milio Miwili ya Jumapili

Nina hasira za karibu, na safari hii zilichokozwa na mega za simu, zile data za kuingilia mtandaoni. Ninauza samaki wakavu hapa Kamina, na wanaoniletea kutoka Bukama hunitumia kwanza picha za mzigo, niseme kama nautaka. Asubuhi moja nilinunua mega, na kabla sijaona hata mkia wa samaki, zikaisha. Zililiwa na video za kwaya na vichekesho vya kundi la ukoo wetu, ambazo simu ilikuwa ikizipokea yenyewe bila kuniuliza. Mimi nikawalaani watu wa kampuni ya simu. Siku hiyohiyo nikanunua kadi ya kampuni nyingine, iliyotoa mega nyingi kwa bei ileile. Simu yangu inaingia kadi moja tu. Ya zamani nikaifunga kwenye pindo la kitenge, namba mpya nikaitangaza kwenye statut, pale mtandaoni watu wanapotazama picha zangu za siku, nikajiona mjanja.

Mume wangu ni askari. Tangu alipohamishwa kutoka kambi ya hapa na kupelekwa mbali, kila Jumapili baada ya misa hunibipu: simu inalia mara mbili, anakata. Maana yake yuko hai. Sheria ni moja: usipokee, ukipokea unamlia uniti zake, naye anazitunza kwa siku ya shida.

Jumapili ya kwanza simu haikulia. Nikasema ni mtandao. Ya pili haikulia pia. Nilimpigia, hapatikani, maana huko huiwasha Jumapili kwa dakika chache tu, abipu, aizime, ili asimalize betri. Niliogopa, na nasema wazi kwamba niliogopa hata kutamka nilichokuwa nakiogopa. Mama mkwe wangu, ninayeishi naye, alinitazama kutwa nzima, kisha akauliza:

— Mama, ile namba mupya ulimupatia?

— Niliiweka ku statut. Bantu bote baliiona.

— Na ile simu yake ya torshi, iko na statut?

Nilikaa chini. Simu ya mume wangu ni ya vitufe na tochi, haijui mtandao wala picha. Na kitenge chenye kadi ya zamani nilikuwa nimeshakifua! Nilikikuta kambani, pindo bado limefungwa, kadi imelowa ndani. Nikaifuta, nikaianika juani kama dagaa, nikairudisha kwenye simu huku nikiomba Mungu. Alama ya mtandao ikatokea. Majuto ni mjukuu, lakini angalau wangu alikuja mapema.

Jumapili ya tatu tuliiweka simu mezani, mama mkwe upande wake, mimi upande wangu. Ikalia. Mlio mmoja. Miwili. Nikashusha pumzi, nikasema asante. Ikalia wa tatu. Nikaiacha palepale mezani, kwa sababu sheria ni sheria. Ikalia wa nne.

— Kamata! Mama, kamata! Unangoja nini? mama mkwe akapiga kelele.

Nikapokea. Kabla sijasema neno, mume wangu akauliza:

— Weye iko muzima?

— Minyi niko muzima. Weye?

— Jumapili mbili namba yako haipite. Nilisema bibi yangu alikufa, bantu banaogopa kuniambia.

Nililia na kucheka pamoja. Wiki mbili nzima mimi nilikuwa nikimlilia yeye, naye akinililia mimi. Nilimsimulia habari ya mega na ya kitenge, akacheka hadi akakohoa. Mama mkwe akaninyang'anya simu, akamuuliza kama anakula vizuri, akanirudishia.

— Uuzishe samaki, ununue simu ya kadi mbili, akasema mume wangu. Sasa ninakata, nibakize uniti ya kubipu.

Akakata. Sikuwa nimeishusha simu vizuri, ikalia tena: mlio mmoja, miwili, ikanyamaza. Mama mkwe alikuwa akiutazama mkono wangu. Sikupokea.