Harufu Waliyotwishwa Dagaa

Ijumaa moja alfajiri nilitoka Chanika, Handeni, na begi mgongoni bila kujua naelekea wapi. Kwangu hilo si jambo geni. Shule niliiacha darasa la sita kwa sababu nilitaka kuona reli inaishia wapi, na tangu hapo nimekuwa nikihama kila ninapoona mji nimeshauzoea. Safari hii, hata hivyo, kilichonisukuma hakikuwa udadisi. Ilikuwa harufu ya bafuni.

Mama jirani alikuwa ameshaamka, amekaa kizingitini kwake akipepeta dagaa kwenye ungo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Na begi?"

"Natembea kidogo."

"Unatembea." Hakuinua uso. "Mzee anakuja leo kunitoa, na wewe leo ndiyo unatembea."

Nilimpa ufunguo wa chumba changu ili amkabidhi mzee mwenye nyumba. Aliupokea kwa vidole viwili, kama mtu aliyepewa kitu cha kuokota njia panda.

Nyumba yetu ilikuwa ndefu, vyumba masta vimeshikana kama mabehewa, kila kimoja na bafu lake dogo na choo humo humo. Changu na chake vilipakana, na ukuta wa bafu ulikuwa mmoja. Nilihamia pale mvua zinaisha. Yeye alikuwa mpangaji wa siku nyingi, lakini wiki ileile stoo aliyokuwa akiweka mzigo wake sokoni ilibomolewa, akayaleta magunia ya dagaa chumbani. Siku chache baadaye harufu ikaanza.

Ilikuja mchana, jua likikaa sawasawa juu ya bati. Harufu ya yai viza, nzito, inayokufuata hadi kitandani. Kwangu ilikuwapo na kwake ilikuwapo. Nilimshuku yeye, naye akanishuku mimi. Alikuwa na sababu: mgeni, sina mke, sina kazi inayoeleweka, leo napakia mbao, kesho niko gulioni Mkata nauza betri za tochi. Nilipoziba chini ya mlango kwa tambara ili harufu isitoke, aliniuliza ninaficha nini. Alipofukiza udi saa sita mchana, nilijiuliza anafukuza nini. Tukawa tunasalimiana vizuri na kuchunguzana vizuri zaidi.

Nilikagua kila mahali. Choo kilikuwa safi, nikakimwagia dawa hata hivyo. Nilifunua chemba ya majitaka nyuma ya nyumba, nikakuta inapita bila kuziba. Juu ya tundu la sakafuni, kule bafuni, niliweka mkaa, halafu mfuko wa plastiki na jiwe juu yake. Harufu ilipumzika siku moja, ikarudi.

Mzee mwenye nyumba alipoitwa, alisimama mlangoni kwa mama jirani, akachota ugoro, akauvuta pua zote mbili, akapiga chafya, kisha ndipo akanusa.

"Dagaa," akasema.

"Baba, hawa wakavu. Wanatoka Mwanza wakavu, hawajawahi kunuka hivi."

"Mimi nilipangisha mtu. Sikupangisha ziwa."

Nilijitokeza nikamwambia kwamba hii si harufu ya samaki, samaki mkavu ananukia chumvi na jua. Akanigeukia polepole.

"Sasa ni harufu ya nini? Ya kwako?"

Wapangaji wote waliokuwa wakianika nguo waliacha kuanika.

Alimpa mama jirani hadi Ijumaa: akitoka msikitini anataka ufunguo. Kwa mtu mwingine kuhama ni kubeba godoro tu. Kwake yeye mtaji wote ulikuwa kwenye magunia yale, na nani Chanika angempangisha mama aliyefukuzwa kwa kunuka? Habari kama hiyo hufika sokoni kabla yako. Alisema kwa sauti ya chini, ila nilimsikia kupitia ukuta, kwamba itabidi arudi kwao kulima mahindi.

Jambo moja hatukulitazama, kwa sababu lilikuwa la kawaida mno. Mvua zilipoisha, maji ya bomba yalikatika, tukaanza kununua ya madumu. Na mtu wa Handeni hamwagi maji ya kununua chini. Unasimama ndani ya beseni, unaoga humo, na yale maji ya sabuni unayatumia kusukumia choo. Sakafu ya bafu hukaa kavu kama ya sebuleni. Mama jirani alijisifu kwamba bafuni kwake unaweza kulaza mtoto.

Stendi nilimkuta dereva wa fuso anayetafuta mtu wa kumsaidia kufunga turubai. Tulipita Korogwe mjini bila kusimama, na saa nne tulikuwa Magoma, ambako alikwenda kupakia mpunga. Nilishuka kwa sababu yeye alishuka. Kilichonishangaza ni maji: yalikuwa kwenye mitaro kando ya barabara yakijiendea, hakuna aliyeyatazama.

Gesti ilikuwa karibu na mashine ya kukoboa. Dada mhudumu alinifungulia chumba cha mwisho, na pale mlangoni nikasimama. Harufu ileile. Yai viza. Nilihisi kama imepanda fuso pamoja nami.

"Dada, hii nini?"

"Chumba hakijalala mtu siku nyingi. We oga, itaisha."

"Nioge mimi ndiyo chumba kiache kunuka?"

"Kwani wewe hunuki? Umetoka kwenye fuso."

Nililipia, lakini sikumwamini. Nilichungulia chini ya kitanda, nyuma ya pazia, ndani ya tangi la choo. Hakuna kitu. Nikamwomba beseni.

"La nini? Una nguo za kufua?"

"La kuogea."

Alikwenda kufungua bomba. "Maji yapo, kaka. Jimwagie."

Nikajimwagia. Nilioga nikitazama maji mazima yanazama kwenye tundu la sakafuni, nikiona aibu kama naiba. Kisha nikafungua dirisha, nikafunga mlango na kwenda kunywa chai. Niliporudi, harufu haikuwapo.

Hilo ndilo lililonitia shaka kuliko yote. Ufunguo ulikuwa mfukoni mwangu, hakuna aliyeingia. Nilipiga magoti bafuni, nikang'oa kifuniko chenye vitundu cha lile tundu la sakafuni. Chini yake palikuwa na kikombe cha plastiki kilichopinduliwa juu ya mdomo wa bomba la majitaka, na kingo zake zilikuwa zimezama ndani ya maji. Nilikiinua kidogo, harufu ikanipiga usoni kutoka bombani. Nilikirudisha majini, ikakatika. Nilifanya hivyo mara kadhaa, kama mtoto anayechezea swichi ya taa.

Maji ndiyo yalikuwa mlango. Na kule Chanika mlango ule tulikuwa tumeukausha sisi wenyewe, tukaupigia deki juu.

Adhana ya Ijumaa ilikuwa imeanza nilipompigia mama jirani. Nilisikia gunia likiburutwa.

"Mama, bado hujatoka?"

"Nafunga mzigo. Unataka nini?"

"Chukua maji, ndoo nusu, mwaga kwenye tundu la bafuni kwako. Nusu nyingine mwaga kwangu. Halafu fungua madirisha."

"Nimwage maji chini?"

"Ndiyo, mama."

"Maji haya ninayonunua. Niyabebe, niingie chumbani kwako, chumba ulichokikimbia leo alfajiri, niyamwage chini." Alipumua. "Umezika nini humo, mwanangu?"

"Sijazika kitu. Bomba limekauka, ndiyo maana hewa ya shimoni inapanda."

"Na wewe umejulia wapi, ukiwa huko unakotembea?"

"Nimeoga."

Hilo halikunisaidia. Nikamwambia anamwaga ndoo moja tu, na asipoimwaga anapoteza chumba. Alikata simu bila kusema atafanya au hatafanya. Nilikaa kitandani na simu mkononi. Mhubiri wa msikiti wa Magoma alikuwa akizungumza kwa kipaza sauti, nami nilikuwa nikimpigia hesabu mzee wa Chanika: sasa anasikiliza, sasa anaswali, sasa anatafuta viatu vyake.

Simu iliita wakati watu wa Magoma walikuwa wameshatawanyika.

"Amekuja," alisema mama jirani, kwa sauti ndogo. "Amevuta ugoro wake, amenusa. Amenusa tena. Akaniuliza, dagaa wamehama? Nikamwonyesha magunia, yote yamo."

"Ufunguo?"

"Ninao mimi. Ameniambia nikae."

Niliegemea ukuta. "Ulimweleza ya maji?"

"Nilimweleza. Akasema maji hayana harufu tangu yaumbwe. Amesema basi alikuwa yule kijana, na ameondoka nayo. Mtaa wote unasema hivyo sasa."

"Na wewe mama unasemaje?"

"Mimi maji nimemwaga kama ulivyosema, na nitayamwaga kila asubuhi." Nilisikia ungo ukianza kutikisika. "Lakini beseni lako nimelichoma."

Dada mhudumu alipita mlangoni na ufagio, akasimama, akavuta hewa.

"Si nilikwambia? Imeisha."

"Imeisha."

"Kama ilikuwa ya chumba au yako," akasema akiendelea kufagia, "tutajua siku ukiondoka."