Mkubwa wa Chumba cha Uvimbe

Nafasi yangu ya kwanza ya uongozi niliipata kwa sababu wote walionizidi umri waliikimbia. Ilikuwa enzi za Mwingereza, nami nilikuwa mwalimu mpya wa madresa, wale wauguzi wa kufunga vidonda, katika hospitali moja ya Njombe, ndevu bado zinaota kwa mafungu. Daktari Mzungu alitaka kuanzisha chumba cha kuchunguza uvimbe. Mgonjwa angekatwa kipande kidogo, kitiwe kwenye chupa yenye dawa, kipelekwe Dar es Salaam, na huko wenye darubini waseme kama ni saratani. Alipouliza nani atakisimamia chumba hicho, madresa wazee walionifundisha kufunga bendeji walinisukuma mbele huku wakinipongeza. Nilitembea kifua mbele siku nzima.

Jioni ndipo nilipoelewa. Chupa zilipaswa kupitia Makambako hadi kwa daktari wa Iringa, ambaye angezituma Dar es Salaam, na siku zile Makambako kulivuma habari za mumiani, watu waliosemekana kuwaua wenzao ili wauze damu na nyama zao zikafanywe dawa. Kukutwa na nyama ya mtu mkononi kulitosha kukutoa roho. Sikulala.

Mgonjwa wetu wa kwanza alikuwa mama kutoka kijiji cha Kichiwa mwenye donge kwenye titi. Ganzi haikumshika vizuri, akalia mpaka mumewe aliyekuwa nje akaziba masikio. Chupa ilipokuwa tayari, ningeweza kumwamuru dresa mzee aipeleke. Cheo nilikuwa nacho. Lakini kwetu mtu wa umri wa baba yako haamriwi, huombwa, na anayeombwa ana haki ya kuchoka. Nikamwomba. Akasema kiuno kinamsumbua. Basi nikaenda mwenyewe.

Nilipanda lori alfajiri, ukungu umefunika kila kitu, chupa nimeizungushia blanketi ndani ya kikapu cha mianzi. Makambako nikasimama kusubiri basi la Iringa, kando ya wauza viazi.

"We kijana, umebeba nini kinanuka hivi?" mama mmoja akauliza.

Nikavuta kikapu kwangu. Akafunua blanketi, akakiona kile kipande kinaelea, akapiga ukunga. Kufumba na kufumbua nilikuwa nimekabwa shingo, na mwanamume mmoja ameshika jiwe. Nilijikojolea, wala sioni haya kusema. Kwa kutapatapa nikapiga kelele, "Niacheni! Mimi ndiye mkubwa wa chumba cha uvimbe!"

"Kumbe ndiye mkubwa wao!" wakaitikia kwa furaha, na mikono ikazidi.

Mmoja alikuwa ameshaanza kufungua chupa aimwage, pale mtu alipojipenyeza katikati. Alikuwa mume wa yule mama. Kumbe alipanda lori lilelile, akakaa nyuma, akinifuata kimya kimya kwa kuwa naye hakuniamini.

"Kamwene," aliwasalimu kwa Kibena, kama mtu aliyebisha hodi. Kisha akasema, "Hiyo ni nyama ya mke wangu. Mkiimwaga, watamkata tena. Mimi kilio chake sikiwezi mara ya pili."

Aliyeshika jiwe akaliangusha polepole, na mama wa viazi akafunika chupa kwa blanketi langu. Nilikaa chini palepale.

Basi lilipofika, mume yule alikichukua kikapu.

"Nitakipeleka mimi mpaka Iringa kwa daktari wenu," akasema. "Wewe mwalimu rudi, kamwangalie."

"Asante, baba," nikasema, na sauti ilitoka nyembamba kama ya mtoto.

Akaketi dirishani, kikapu mapajani, mikono yote miwili juu yake. Basi likaanza kunguruma. Akainama nje, akaniuliza kwa sauti ya chini watu wengine wasisikie, "Ikiwa ndiyo yenyewe, wapo wanaopona?"

Hofu iliyonishika hapo ilipita ile ya jiwe. Nikamwambia wapo. Nilikuwa bado sijamwona hata mmoja.