Greda Halikuja Singe

Tuliamka Jumapili moja tukakuta nyumba yetu imepigwa X nyekundu ukutani.

Siyo yetu tu. Nyumba zote za upande wetu. Hakuna barua, hakuna kikao, hakuna hata aliyesikia mbwa akibweka.

Mimi ni Salvatory, fundi pikipiki hapa Babati. Nyumba hiyo iko Singe, baba aliijenga kwa mahindi na mbaazi. Alipofariki tulimzika pale pale uani, nyuma ya jiko.

Mama yangu, Mektilda, aliitazama ile X muda mrefu.

"Na baba yenu je?" akauliza.

Yaani nyumba angeweza kuiacha. Lakini kaburi la mumewe lipitiwe na greda? Hapo ndipo usingizi wa mama ulipoishia.

Tulijua kuna mradi wa barabara. Nikasema Jumatatu nakwenda ofisini kwao kuuliza. Jirani yetu, Mzee Aminiel, akaniwahi getini.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nasikia unakwenda kuuliza."

"Ndiyo."

"Acha kiherehere, Salva! Miradi mingapi imetajwa hapa ikafia njiani? Labda wameshatusahau. Wewe ukienda, unawakumbusha!"

Basi hilo likawa neno la mtaa mzima. Msiwakumbushe. Nami nikaona mzee ana pointi, nikarudi kwenye spana zangu.

Aisee, kuishi kwenye nyumba yenye X kunachosha.

Paa likivuja unatega ndoo, maana utatengeneza nini na kesho inavunjwa? Hupaki rangi. Hupandi hata mpapai. Likipita gari la njano, mtaa mzima uko nje, mikono kichwani. Misimu ikapita hivyo.

Halafu siku moja ikaja habari kwamba greda limeonekana Bonga, si mbali na kwetu.

Mzee Aminiel akapanda juu ya nyumba yake na nyundo.

"Bora nibomoe mwenyewe nibaki na mabati yangu!"

Weee! Kila mtu akapanda kwake. Na sisi tukapanda. Tukang'oa mabati, milango, madirisha. Tofali zilizotoka nzima tukazitoa. Mama alikaa kwenye kigoda pembeni ya kaburi, anatuangalia tu.

Tukahamia Bagara, chumba kimoja cha kupanga. Mama hakukaa. Kila asubuhi anapanda bodaboda kwenda Singe kukaa na mumewe kwenye gofu lile. Anarudi jioni na vumbi miguuni.

"Salva," akaniambia, "mtoe baba yako pale kabla hawajamkanyaga. Mimi nimechoka kumlinda."

Kuhamisha kaburi kunataka kibali. Nikaenda kuomba, bwana afya akanijibu, "Lete kwanza barua ya wenye mradi, ionyeshe kaburi limo kwenye eneo lao."

Nikaishiwa pozi. Sasa kukwepa kuuliza kumeshindikana.

Kwenye ofisi ya mradi nilimkuta dada mmoja mapokezi, anaitwa Vailet. Nikamweleza shida yangu kwa sauti ya chini.

"Kaka, mbona unanong'ona kama umeiba?"

"Sitaki matatizo, dada."

"Matatizo ya nini? Shika karatasi. Andika unataka kujua nini, weka jina na namba ya simu. Kuna Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa tangu mwaka 2016. Ukiomba, tunatakiwa tukujibu ndani ya siku thelathini."

"Kwa hiyo mtu anakuja tu, anauliza?"

"Anakuja tu, anauliza."

Nikaandika huku moyoni nasema hapa napigwa danadana. Kumbe wapi. Mwezi haujaisha, simu ikaita nikiwa gereji. Ni Vailet.

"Kaka Salvatory, barua yako iko tayari. Kaburi liko salama. Zile X zilikuwa za upimaji wa mwanzo. Njia ilishabadilishwa, barabara itapita ng'ambo ya mashamba. Nyumba zenu hazimo."

"Ilibadilishwa lini?"

"Mwaka juzi."

Nikakaa chini, pale pale kwenye oili.

"Sasa mbona hamkutuambia?"

"Tangazo lilibandikwa hapa ofisini. Tukawa tunashangaa, kutoka kwenu hajaja hata mtu mmoja."

"Mkabandika hapo hapo mlipo! Hamna hata pikipiki ya kuja kutuambia?"

"Hapo una haki ya kulalamika, kaka. Pole sana."

Nilikwenda kuichukua barua, nikapitia kwa Mzee Aminiel. Alikuwa kwenye kiwanja chake, anapanga tofali zilizobaki.

"Greda linakuja lini?" akaniuliza.

"Haliji, mzee. Halikuwa linakuja."

Akaangalia vile vipande vya ukuta.

"Sasa mimi nyumba yangu ameibomoa nani?"

Nikamwachia barua asome mwenyewe, akairudisha bila kunitazama.

Mama nilimsomea kaburini. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Kuuliza ulitoa shilingi ngapi?"

"Bure, mama."

"Bure?"

"Bure kabisa."

Akajifunika uso kwa kanga, akalia. Siku aliyokufa baba hakulia vile.

Sasa hivi tumeezeka chumba kimoja kwa mabati yale yale yenye matundu. Mama amehamia, amekataa kungoja nyumba iishe. Mimi jioni nikitoka kazini nakwenda kupandisha kozi moja ya tofali, mstari mmoja tu, nikichoka naacha.

Ndugu yangu unayesoma, kama kuna jambo la ofisi ya umma linakunyima usingizi, nenda kaulize. Andika kwa jina lako. Wakikaa kimya, rudi tena, jibu ni haki yako. Sisi tuliogopa kuwakumbusha, kumbe hakukuwa na mtu anayetuwaza. Nyumba ya baba nimeibomoa kwa mikono yangu, na hakuna ofisi ya kunifidia.