Tumefunga Ngapi

Juzi, pale Garsen, nilimwona refa akisimamisha mechi kwa sababu kijana mmoja alikuwa amegongwa kichwani. Walimtoa, hawakumrudisha. Nikaondoka kabla ya mpira kuisha.

Sisi kijijini tulikuwa na uwanja kwenye shamba la mpunga, mafuriko yakishapungua, na ulinuka matope hata siku za jua kali. Mchana ule kaka yangu Yona aligongana vichwa na beki. Ulisikika mlio kama wa nazi mbili. Wakubwa wakammwagia maji ya mto. Kocha akasema, "Mwekeni golini apumzike." Ndivyo tulivyofanya siku zote, kipa hakimbii.

Tukirudi nyumbani Yona aliniuliza, "Tumefunga ngapi?" Nikamwambia mbili. Akauliza tena, kisha tena. Nilidhani ananitania, nikawa namtajia idadi mpya kila mara, huku nacheka.

Tulipofika akajilaza mkekani. Mama alipotoka shambani nilimzuia mlangoni.

"Usimwamshe, mama. Amechoka."

Mama akanyata kwenda jikoni, nami nikabaki nikimfukuzia Yona nzi. Hakuamka tena. Mpaka leo hakuna aliyeniuliza alisema nini njiani.