Buibui wa Nyuma ya Jiko

Nilipokuwa na umri wa kutumwa chumvi nikarudi na kiberiti, nyuma ya jiko letu Mkongani aliishi buibui mdogo mweusi, ndani ya shimo lenye kifuniko cha udongo. Bibi, mzaa mama, alisema mtu wa nyumba akiwa mbali, tazama mlango wa buibui. Ukiwa wazi, yuarudi. Ukifungwa, heri ukae kimya.

Mama alikuwa amelazwa hospitali ya Msambweni, mimba ikimsumbua. Kila asubuhi, mwanga ukiwa bado na rangi ya maji ya mchele, nilichutama pale hadi miguu ikafa ganzi. Siku tatu mlango ulikuwa umeshonwa kwa utando. Ya nne nikaufungua mwenyewe, kwa mwiba wa mndimu.

"Bibi! Njoo uone, u wazi!"

Bibi aliutazama mwiba, akanitazama mimi. "U wazi kweli, mwanangu. Haya, kanawe unywe chai."

Jioni siafu walikuwa wamemmaliza buibui. Keshokutwa yake mama akarudi, mikono mitupu. Hakuna aliyenieleza kitu, basi nikajieleza: nimeulazimisha mlango, na aliyelipa ni mdogo wangu.

Chuo kikuu nilisomea viumbe hai. Nikajua buibui wa aina ile hushona mlango anapojivua gamba au kulinda mayai. Nikajua pia kwamba spishi yake haitambuliki kwa macho tu: sharti umpate aliyekomaa, umtie kwenye spiriti, uchunguze viungo vyake vya uzazi kwa hadubini. Wanaotaja jina kwa picha ya simu hubahatisha kwa sauti kubwa. Wangu sitamtambua kamwe.

Lakini elimu yote hiyo haikunitoa lile donge la hatia. Mwaka huu, tukimenya mihogo, nilimwambia mama.

Kisu kikasimama. "Mtoto alifia tumboni kabla sijatoka hapa nyumbani. Bibi yako alijua. Wewe wabeba hilo tangu lini?"

"Tangu siku ile."

"Makubwa haya! Nami nikidhani ni mimi peke yangu nimkumbukaye."

Nikamwuliza walikuwa wamwite nani. Akalitamka jina polepole, kama mtu anayejaribu nguo ya zamani, kisha akalirudia. Tulikaa nalo mpaka maji yakachemka. Sikuwa nimejua kwamba katika nyumba ile, aliyesubiri kuulizwa ni yeye.