Tosha Viatu

Naikumbuka siku ya mawe na maua kwa jicho hili la kushoto, mwanangu, maana ndilo lililofundishwa. Keti hapo hapo kizingitini na viatu vyako, usiingie kwanza. Nimekwambia "tosha viatu", nawe umecheka mpaka ukashika ukuta. Sijakasirika. Kicheko hicho nakijua, nilikuwa nacho mimi kabla hujazaliwa, tena nilikuwa hodari wa kucheka kuliko wewe.

Unajua nilizaliwa Kigoma. Baba alitoka hapa Gisenyi akaenda kutafuta kazi bandarini, akaoa, akakaa. Nilipotimiza miaka kumi na tisa akanituma kwa dada yake, Feza, nikajue kwetu. Shangazi Feza alikuwa mfupi, mzito kidogo, na sauti ya kumwita mtu aliye ng'ambo ya barabara. Alikulia Goma kwa mama yake, akaolewa huku, na kila asubuhi alivuka mpaka kwenda Goma na beseni la nyanya kichwani. Kiswahili chake kilikuwa cha huko: mutu, mukono, majiwe, na kila kitu kwake kilikuwa "iko". Alitaka nimwite masenge, kama Wanyarwanda wanavyomwita dada wa baba. Nikakataa. Nikamwambia Kiswahili ni shangazi. Mtoto wa juzi namfundisha mtu mzima jina lake!

Jioni niliyofika nilisimama mlangoni na mzigo wangu. Akaniambia, "Tosha viatu."

Nikatazama miguu yangu. "Vinanitosha, shangazi. Ni saizi yangu."

Nyumba nzima ikaangua kicheko. Mume wake ndiye aliyenieleza kwamba kwao kutosha ni kutoa, kwa hiyo nilikuwa nikiambiwa nivue viatu. Siku ile nilikosea kweli, na kukosea si dhambi. Dhambi ilianza kesho yake, nilipoona kwamba jibu lile linachekesha. Akisema, "Tosha sufuria ku moto," namjibu, "Inatosha, shangazi, tena ni kubwa." Akisema, "Tosha hii nguo kwa kamba," namjibu, "Hainitoshi, ni ya mjomba." Majirani wakija nawaigizia mpaka wanafuta machozi. Nilijiona mwalimu. Siku za kwanza shangazi alicheka pamoja nami. Baadaye akawa anatabasamu tu, na mimi sikujiuliza kwa nini.

Bon, haya basi, mvua za masika zikaja. Nyota, binti yake wa pekee aliyeolewa Bugeshi, akajifungua mtoto wa kwanza. Kwetu mzazi haendewi mikono mitupu. Hupelekewa maziwa apate nguvu, na mama yake akifika bila maziwa atainamisha kichwa mbele ya wakwe mpaka jua litue. Shangazi hakuwa na ng'ombe. Alizunguka kwa watu siku mbili, hapa akapewa kidogo, pale kidogo, mpaka akajaza icyansi, kile chombo cha mti chenye kifuniko cha kusukwa kilichochongoka juu. Kisha akaniambia, "We utanisindikiza."

Tukatoka asubuhi, tukapita Cyanzarwe katikati ya mashamba ya maharage, halafu shangazi akakata njia ya mkato inayopita kwenye mawe. Wewe, mwanangu, mawe ya volkano umeyaona kwenye kuta za nyumba tu. Pale palikuwa uwanda mzima mweusi. Moto wa mlima ulimwagika zamani za mababu, ukapoa vile vile ulivyokuwa ukienda: mahali umejisokota kama kamba, mahali umeinuka kuliko mtu, mahali umeacha tao ambalo unapita chini yake umeinama. Hakuna kijito wala kisima. Mvua ikinyesha inazama kwenye nyufa na usiione tena. Wakati wa kiangazi ni jangwa, hata mbuzi hapitishwi pale.

Lakini masika yale! Kila ufa ulikuwa umetoa kitu. Maua ya njano madogo madogo, meupe yanayonukia asali, mishubiri imesimamisha maua mekundu juu ya miiba yake, na nyuki wanavuma utadhani wako harusini. Nilifurahi nikasahau miguu. Ninaruka jiwe hili, nachuma lile, naimba. Shangazi alikuwa nyuma, icyansi ameipakata kifuani, anapima kila hatua. "Pole pole, mutoto," alisema. "Hii majiwe inakata."

Tulikuwa na chupa moja ya maji. Nusu tulikunywa. Nusu nyingine nilivimwagia viatu vyangu, kwa sababu vilikuwa vyeupe na vilikuwa vimepata matope. Ndiyo, cheka. Shangazi aliona.

Tulipofika karibu na katikati nikaona ua la rangi ya chungwa juu ya jiwe moja, refu, limesimama peke yake. Nikalitaka kwa nywele zangu. Mbele yake ulikuwa umeota mnyaa, ule ambao hapa tunauita umuyenzi. Unaujua, ule tunaopanda kuzungushia ua wa nyumba, hauna majani, vijiti vya kijani tu, na ukiuvunja unatoa maziwa. Hata Kigoma upo, na kila mtoto hukanywa asiuchezee. Lakini nilitaka ua la kichwani nikasahau ua wa nyumbani. Nikashika tawi nilisogeze.

"Tosha mukono!" Shangazi alipaza sauti ile yake ya barabarani. "Mutoto, tosha mukono pale!"

Nilimwelewa. Sikia vizuri, mwanangu, kosa langu liko hapo: nilimwelewa neno kwa neno. Lakini ulimi ulikwisha zoea. Nikamgeukia nikicheka, "Mkono unanitosha, shangazi, na wa pili ninao!" Nikavuta. Tawi likakatika.

Utomvu ukaniruka usoni. Nikajifuta kwa mkono ule ule uliolowa, na hapo nikajimaliza. Moto, mwanangu! Yowe nililopiga sijalipiga tena, hata nilipokuwa nazaa. Jicho la kushoto likafumba, la kulia nalo likamfuata mwenzake.

"Maji," nikalia. "Shangazi, maji!" Ndipo nikakumbuka viatu vyangu.

Nikasikia kifuniko cha icyansi kinafunguliwa. Kwetu maziwa hayamwagwi chini. Hata tone likidondoka, mtu mzima hushtuka. Nikamwambia, "Usifanye hivyo, ni ya Nyota." Akanishika kidevu kama anamshika ndama.

"Nyamaza. Fungula macho. Nyota iko na kitanda, iko na mume, iko na macho mbili."

Akamimina. Akamimina yote, siku mbili za kuomba kwa watu, yakapita jichoni, shavuni, shingoni, yakaingia kwenye mawe. Leo hospitali watakwambia ni maji safi, mengi, tena upesi, kisha ukimbie kwa daktari. Waamini hao. Siku ile maziwa ndiyo yaliyokuwapo.

Akavua kitambaa chake cha kichwa, akanifunga macho yote mawili. Kurudi kulikuwa mbali kuliko kwenda. Basi tukaenda, yeye mbele amenishika mkono, mimi nyuma kipofu, na nusu ya mawe bado iko mbele yetu.

"Inua muguu. Bon. Iko shimo ku kuume, pita huku. Simama. Sasa kaa ku jiwe, teremuka pole."

Sijapata kumsikiliza mtu kama nilivyomsikiliza shangazi siku ile. Nilingoja kila neno kabla ya kuweka unyayo. Kiswahili kile nilichokuwa nikikiigiza mbele ya majirani ndicho kilichokuwa kikinionyesha pa kukanyaga, na changu chote cha Kigoma, pamoja na ngeli zake, hakikuweza kunionyesha jiwe moja. Niliogopa kwamba sitaona tena. Na zaidi ya kuogopa, mwanangu, niliona aibu.

"Nisamehe, shangazi," nikasema.

"Juu ya maziwa?"

"Juu ya tosha."

Akanivusha jiwe moja kwanza.

"Ile ilikuwa inaniuma," akasema. "Hii luga ni ya mama yangu. Kiswahili ingine sina." Kisha, kwa sauti ile ile: "Inua muguu."

Tulifika Bugeshi jua limekwisha geuka. Wakwe wakatupokea, mama mkwe wa Nyota akachukua icyansi kwa mikono miwili kama desturi, na mimi niliyefungwa macho nikasikia akiitikisa alipoona ni nyepesi. Nikafikiri sasa shangazi atasema ukweli wote, na haki yake.

"Maziwa, mutoto wangu amekunywa njiani," shangazi akasema. "Amekunywa na macho."

Mama mkwe akacheka, akasema basi leo nyumba ina watoto wachanga wawili, na huyu wa pili apelekwe zahanati upesi. Nikapelekwa. Wakaniosha tena, wakanitia dawa, wakanifunga. Siku ya tano wakanifungua, na kitu cha kwanza nilichokiona ni uso wa yule mwanamke mfupi umeniinamia, kichwa kiko wazi kwa sababu kitambaa chake kilikuwa bado kwangu.

"Unaniona?" akauliza.

"Nakuona, masenge."

Akageuka upesi akajidai anatafuta kitu dirishani. Tangu siku hiyo hadi tulipomzika, sikumwita jina lingine.

Jicho lilipona. Hutoa machozi tu upepo ukivuma kutoka mlimani, na watu hudhani nina huzuni, kumbe ninayo afya tele. Sasa sikia ninachotaka uondoke nacho. Kiswahili chako cha shule ni kizuri, usikiache, nami nakipenda kukisikia. Lakini mtu akikwambia neno likakuchekesha, jiulize kwanza: sijamwelewa, au nimemwelewa? Kama hujamwelewa, muulize, hakuna aibu. Kama umemwelewa, basi neno lake limekwisha fanya kazi yake, limefika. Limebaki lako la kutii au la kujibu kwa heshima. Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Kwenye mawe yale vidole vyangu vilijikwaa vyote kumi, vikapona kwa wiki. Kile kicheko changu kilimuuma mtu mwema miezi mizima, naye hakusema mpaka nilipokuwa kipofu mkononi mwake. Na yule mama wa viazi uliyemsahihisha asubuhi pale mpakani, Petite Barrière, kesho utarudi ununue kwake, na akikwambia viazi "iko muzuri", utamjibu kwamba ni vizuri kweli, kwa sababu ni vizuri.

Mungu akuhifadhi macho yako, mwanangu, na masikio zaidi ya macho. Akupitishe penye maua mengi. Na utakapofika penye mawe, maana utafika, akupe mtu wa kukushika mkono, nawe uwe umemheshimu kabla ya siku hiyo. Amina.

Haya, chai inapoa. Tosha viatu, uingie.